Jinsi ya Kulisoma Jengo la Kale la Zimamoto

Mimi ni mwashi. Riziki yangu inatokana na kuta kuukuu za matofali ya kuchoma: kuchokonoa maungio yaliyooza, kutoa tofali lililopasuka, kupachika jingine lisilojitangaza. Katika majengo yote ya mjini, hakuna linalonipa raha ya kulisoma kama kituo cha kale cha zimamoto. Benki ya zamani hujitutumua. Mahakama hutisha watu kwa nguzo. Kituo cha zimamoto kilijengwa na watu waliokuwa wakigombana na sekunde, kwa hiyo karibu kila tundu, kila mteremko wa sakafu na kila kipande cha chuma kilichobaki ukutani kina sababu yake, na sababu hiyo utaipata kwa macho tu na subira kidogo.

Wapita njia wengi hupiga picha ya mapambo ya juu wakaenda zao. Mapambo ni mazuri, sikatai, lakini yalikuja mwisho. Aliyechora ramani ya majengo haya hasa ni farasi. Mifano yangu mingi nitaitoa Marekani, kwa sababu miji ya huko ilijenga vituo hivi kwa wingi kati ya miaka ya 1850 na ya 1920, na vingi bado vimesimama. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, kilichovuta pampu barabarani kilikuwa mnyama. Lishike hilo kichwani unapoanza kutazama.

Simama ng'ambo ya barabara

Usianze kwa kusogea karibu. Kama kituo bado kinafanya kazi, eneo lililo mbele ya milango mikubwa ni njia ya magari, hata kama saa nzima hujaona gari likitoka. Ukitaka kuingia, nenda kwenye mlango mdogo wa pembeni, piga hodi, mweleze aliye zamu unachokitafuta. Wazima moto wengi wanaipenda nyumba yao na wana hadithi zake. Zisikilize zote, kisha ziamini zile ambazo ukuta unakubaliana nazo.

Ukiwa ng'ambo, hesabu milango mikubwa. Mmoja maana yake ni kikosi kimoja. Miwili mara nyingi ni pampu upande huu na gari la ngazi upande ule. Kisha linganisha upana na kina. Kiwanja cha kawaida cha Manhattan kilikuwa futi 25 kwa 100, ndiyo maana vituo vingi vya New York ni vyembamba, vina mlango mmoja unaomeza karibu uso wote wa chini, na vimerefuka kwenda nyuma. Ukikutana na kituo cha kale kipana chenye uwanja pembeni, ujue mji ule ulikuwa na ardhi ya kutosha, au kulikuwa na mwanasiasa aliyetaka kuonekana.

Tazama pia kama jengo limekaa sawa na mhimili wake, yaani kama mapambo ya kushoto yanalingana na ya kulia. Kituo cha Ladder 8, yaani kikosi cha ngazi namba 8, kilichopo Mtaa wa North Moore, New York, kilijengwa mwaka 1903 na baadaye kilikuwa na upana maradufu ya ule unaouona leo. Barabara ya Varick ilipopanuliwa miaka ya 1910, nusu ya jengo ikaenda. Maelfu ya watu hupigwa picha mbele yake kwa sababu limeonekana kwenye filamu, na wachache mno hujiuliza kwa nini jengo la fahari namna ile ni jembamba vile.

Mlango ndio kitabu chenyewe

Sasa vuka barabara, ukae pembeni ya mlango, si mbele yake. Kama una dakika kumi tu, zimalize zote hapa.

Tazama juu ya mlango kwanza. Mlango wa wakati wa farasi mara nyingi una tao la matofali au la mawe, au una boriti ya chuma cha kusubu iliyoshikiliwa na nguzo mbili za chuma hichohicho. Tao la asili lina jiwe la katikati, na mawe mengine yanaliegemea kutoka pande zote mbili. Ukikuta nusu ya tao limekatwa na chini yake pameingizwa boriti bapa ya chuma, umeshapata habari yako kubwa: gari jipya lilikuwa refu au pana kuliko la zamani, na mlango ukalazimika kufumuliwa. Mafundi walitoa tao, wakaweka lenta, wakajaza palipobaki kwa matofali waliyoyapata. Matofali hayo hayafanani na wenzake. Rangi inaweza kukaribiana, ila kingo ni kali zaidi, kimo kinatofautiana kidogo, na mistari ya maungio haikutani.

Rangi ya mota nayo inasema. Mota ya zamani ya chokaa ni laini na nyeupe iliyofifia, na ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga. Saruji ya baadaye ni ya kijivu na ngumu, na ukucha wako ndio utakaoumia. Jaribu mahali pasipoonekana, tena kwa idhini, na ukwaruze kidogo tu. Mahali chokaa inapokoma na saruji kuanza ndipo mlango wa farasi ulipoishia na mlango wa injini ya petroli ulipoanzia. Nimewahi kusimama na mtu aliyefanya kazi ndani ya kituo kwa miaka mingi, nikamwekea kidole kwenye mstari huo, naye akacheka kwa mshangao, kwa sababu kila siku alikuwa akipita chini yake.

Kisha shuka macho hadi chini ya miimo. Mara nyingi utakuta jiwe gumu la granaiti au kipande cha chuma kilichobinuka, kimechomoza nje ya ukuta. Hicho ni kinga ya gurudumu. Pampu ya mvuke ilikuwa na uzito wa tani kadhaa, ikitoka kwa kasi nyuma ya farasi wawili au watatu, na kitovu cha gurudumu kikigusa ukuta ama gurudumu lingevunjika ama mwimo ungechimbika. Piga magoti uangalie mikwaruzo. Ile ya chini, iliyolainika kwa miaka, ni ya vitovu vya magurudumu ya mbao na chuma. Ile ya juu zaidi, usawa wa kifua au kichwa, mara nyingi ikiwa na rangi nyekundu iliyobaki ndani ya jiwe, ni ya magari ya kisasa na vioo vyake vya pembeni. Nyumba nyingi za kale bado zinabana magari ya leo kiasi kwamba kuingiza gari kwa kinyumenyume ni ustadi unaojitegemea.

Maandishi na uso wa jengo

Juu ya mlango kuna jina. "Engine" ni kikosi cha pampu, "Hook and Ladder" ni kikosi cha ngazi, na "Hose" ni kile kilichobeba mipira ya maji. Namba iliyochongwa kwenye jiwe isipofanana na namba iliyopakwa rangi kwenye gari, usikimbilie kusema kikosi kimehama. Brooklyn ilikuwa mji unaojitegemea hadi ilipoungana na New York mwaka 1898. Vikosi viwili haviwezi kujibu kengele moja kwa namba moja, kwa hiyo vya Brooklyn vikaongezewa 100, kisha mwaka 1913 vikaongezewa 100 nyingine. Kikosi namba 5 kikawa 105, halafu 205. Jiwe halikujali, likabaki na 5 yake.

Mfano mzuri wa kiburi cha mji huo uko Mtaa wa Jay: makao makuu ya zamani ya zimamoto ya Brooklyn, yaliyosanifiwa na Frank Freeman na kukamilika mwaka 1892. Tao kubwa la kupitisha magari, mawe mazito ya rangi ya kutu, mnara wa kuangalizia moto. Miaka sita baadaye mji wenyewe ukaacha kuwa mji, na makao makuu yakakosa cha kuongoza. Kwangu mimi hilo ndilo jengo bora la zimamoto Marekani nzima, na sijali wapenzi wa New York ya ng'ambo ya mto watasema nini.

Ng'ambo hiyo wana ya kujivunia pia. Kuanzia mwaka 1879, kwa muda wa miaka kama 15, ofisi ya Napoleon LeBrun ilisanifu zaidi ya vituo 40 vya New York. Vingi ni vya kawaida: chuma cha kusubu chini, matofali juu, pambo la ukingo kwenye paa. Kinachovunja kanuni ni cha Engine 31 kwenye Mtaa wa Lafayette, cha mwaka 1895, chenye paa kali na mnara wa duara pembeni kama kasri la wafalme wa Ufaransa. Miaka michache baadaye, mwaka 1899, Ernest Flagg na Walter Chambers wakamaliza kituo cha Engine 33 Mtaa wa Great Jones, ambacho uso wake wote ni tao moja linalopanda kutoka mlangoni hadi karibu na paa. Ukivisimamia viwili hivi siku moja utaona fikra ikigeuka: kile cha kwanza kimevaa vazi la kifalme juu ya kazi yake, cha pili kimechukua mlango wenyewe kikaufanya ndio pambo.

Kama jengo ni la zamani kuliko yote haya, tuseme kabla ya miaka ya 1850, badilisha maswali. Wakati huo wazima moto walikuwa watu wa kujitolea. Benjamin Franklin alishiriki kuanzisha kikosi cha namna hiyo Philadelphia mwaka 1736. Pampu ilisukumwa kwa mikono na ikavutwa na watu wenyewe kwa kamba, basi usitafute zizi. Tafuta ukumbi mzuri wa juu wenye madirisha marefu, maana kikosi kilikuwa pia klabu, na klabu ilikuwa siasa. William Tweed, aliyekuja kuitafuna hazina ya New York, alianza kujulikana akiwa kiongozi wa kikosi cha Americus namba 6, na kichwa cha chui-milia kilichochorwa kwenye pampu yao kikawa nembo ya kundi lake la kisiasa. Cincinnati ndiyo iliyovunja mtindo huo tarehe 1 Aprili 1853, ilipoanza kuwalipa mishahara wazima moto wake na kuwakabidhi pampu ya mvuke. New York ilifuata mwaka 1865. Mvuke ulileta uzito, uzito ukaleta farasi, na farasi akahamia ndani ya nyumba.

Ndani: fuata miguu ya farasi

Ukishakaribishwa ndani, usiangalie magari. Tembea moja kwa moja hadi mwisho wa chumba cha chini, kule nyuma, uanze hapo.

Farasi waliwekwa nyuma ya pampu au ubavuni mwake, kichwa kikielekea mbele. Kengele ilipolia, umeme uleule wa telegrafu ulioigonga uliweza kufyatua komeo za vizimba, farasi wakatoka wenyewe bila kushikwa na kwenda kusimama mbele ya pampu. Walifundishwa hivyo mpaka ikawa tabia. Juu yao, zikining'inia kutoka darini, zilikuwa hatamu na kola zilizofungwa tayari kwenye pampu. Dereva alivuta kamba, vyote vikawashukia mabegani, kola ikafungwa kwa komeo ya kubana, na sekunde chache baadaye mlango ukafunguliwa.

Haya yote yameacha alama. Inua tochi uangalie dari mbele ya mahali pampu ilipokaa: tafuta kulabu, kapi ndogo, au viraka vya mviringo kwenye dari ya mabati yenye michoro. Viraka viwili au vitatu vilivyopangana sambamba ni mahali pa farasi wawili au watatu. Kisha rudi ukutani nyuma. Kama kuna mbao za zamani zimebaki, pitisha kidole kwenye kingo zake za usawa wa kifua. Farasi aliyechoka kusubiri hutafuna mbao, na meno yake huacha mabonde laini yaliyopangana ambayo hakuna chombo cha seremala kinachoweza kuyatengeneza.

Kama mbao zote zimeondolewa, uliza matofali. Mkojo wa wanyama hujaza ukuta chumvi, na chumvi hiyo haitoki kwa kupakwa rangi. Mwaka hadi mwaka, hewa ikiwa na unyevu, inachomoza tena: unga mweupe kama sukari iliyomwagika, usawa wa magoti na chini yake, na uso wa tofali unamomonyoka vipandevipande. Mkandarasi asiyejua historia atakwambia ni maji yanayopanda kutoka ardhini, atakuuzia dawa ya kuzuia unyevu, na mwakani unga utarudi. Ukiona umemwagika kwa vipande vyenye upana unaofanana, vikiachana kwa nafasi sawa, hapo palikuwa na vizimba. Pima nafasi hizo uziandike.

Sakafu ina mengi kuliko ukuta. Ya kwanza mara nyingi ilikuwa ya mbao nene, kwa sababu kwato huteleza kwenye kitu kigumu na laini. Magari ya petroli yalipokuja na uzito wake, mbao ikatolewa, chini yake zikawekwa boriti za chuma, juu ikamwagwa zege. Shuka kwenye chumba cha chini ya ardhi kama kipo. Hapo ndipo utakapoona boriti za vizazi viwili zikiishi pamoja, za mbao zikiwa zimeachwa mahali pake kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuzitoa.

Chumba hichohicho kilikuwa na boila. Pampu ya mvuke ikiwa na maji baridi haina faida kwa dakika nyingi za mwanzo, na dakika hizo ndizo nyumba ya mtu inayoungua. Kwa hiyo mabomba mawili yalipanda kutoka boila, yakatoboa sakafu, yakaunganishwa na pampu iliyosimama juu, na maji yake yakakaa ya moto usiku na mchana. Pampu ilipoondoka, viungo vilijichomoa na vali zikajifunga. Tafuta kiraka cha duara au sahani ya chuma sakafuni, katikati ya njia ya gari, karibu na mahali nyuma ya pampu palipokuwa. Wazima moto wengi wanaoegesha juu yake hudhani ni tundu la kutolea maji. Tundu la kutolea maji liko kwingine: ni mfereji mrefu mwembamba, na sakafu yote imeinamishwa kidogo kuuelekea. Weka gololi uone inakokwenda.

Utegemezi huu kwa farasi ulikuwa na bei. Mwaka 1872 homa ya farasi ilienea Amerika ya Kaskazini, na Boston ilipowaka moto tarehe 9 Novemba mwaka huo, wanyama wa zimamoto walikuwa hoi. Pampu zilivutwa kwa mikono ya watu, na majengo 776 yakateketea. Hata hivyo farasi walidumu nusu karne nyingine. New York iliwaaga wa mwisho tarehe 20 Desemba 1922, kule Brooklyn, na Chicago ikafuata mapema mwaka 1923.

Nguzo, ngazi na tundu kwenye dari

Wanaume waliishi juu. Hawakuja kazini wakarudi nyumbani jioni. Kwa miaka mingi kituo kilikuwa ndiyo nyumba, na ruhusa ya kutoka ilihesabiwa kwa saa. Hata mkuu wa zimamoto wa San Francisco, Dennis Sullivan, alikuwa amelala kituoni Mtaa wa Bush alfajiri ya tetemeko la tarehe 18 Aprili 1906. Bomba la moshi la hoteli jirani liliangukia paa, naye akafa siku chache baadaye, mji wake ukiungua bila yeye.

Kulala juu ya farasi kulikuwa na adha tatu: harufu, nzi na ngazi. Vituo vingi vina ngazi ya chuma ya kuzunguka, na utaambiwa kila mahali kwamba iliwekwa ili farasi wasipande kwenda kufuata harufu ya chakula. Farasi anaweza kweli kupanda ngazi iliyonyooka, na hadithi ni tamu. Mimi naongeza sababu ya mwashi: ngazi ya kuzunguka inakula eneo dogo sana la sakafu, na katika jengo la futi 25 kila futi ina kazi yake.

Ila ngazi ya namna hiyo inachelewesha. Mwaka 1878, Chicago, kikosi cha Engine 21, ambacho wazima moto wake walikuwa Weusi, kilipata jibu. Walihifadhi majani makavu ya farasi ghorofa ya tatu, na palikuwa na mti mrefu uliotumika kwenye kazi ya majani hayo. Kengele ikalia, mzima moto George Reid akaukumbatia mti ule akateleza hadi chini. Kapteni wao, David Kenyon, akaona kitu. Akaomba kibali cha kutoboa jengo, akachonga nguzo ya msonobari yenye unene wa inchi kama tatu, akailainisha na kuipaka nta. Vikosi vingine viliwacheka mpaka vilipoona Engine 21 inawatangulia kwenye moto. Miaka miwili baadaye Boston ikaweka nguzo ya shaba, na nyingi zilizobaki leo ni za shaba.

Nguzo nyingi zimeng'olewa kwa sababu watu walivunjika miguu, na kwa sababu tundu wazi hupandisha moshi wa magari hadi vitandani. Kupata mahali ilipokuwa ni rahisi ukijua pa kutazama. Nenda juu, uangalie mbao za sakafu: mbao za asili zinakimbia kwa urefu, kisha ghafla kuna kipande cha mraba au duara cha mbao fupi zilizopigiliwa baadaye. Chini yake, darini, kutakuwa na kiraka. Chini kabisa, kwenye zege, mara nyingine kuna alama ya mviringo palipokuwa na zulia nene la mpira la kupokea miguu. Vikilingana vitatu kwa mstari mmoja wa wima, umeipata nguzo yako. Hesabu matundu, kwa sababu nyumba yenye watu wengi ilikuwa na zaidi ya moja.

Ukiwa huko juu, tafuta pia mlango mdogo usio na ngazi, nyuma au mbele, wenye boriti fupi iliyochomoza juu yake. Hapo ndipo majani makavu na shayiri vilipopandishwa kwa kapi.

Chini, karibu na mlango wa mbele, kulikuwa na meza ya zamu na kengele ya telegrafu. Boston ilikuwa ya kwanza kuweka mtandao wa telegrafu wa kutangaza moto, mwaka 1852, kazi ya William Channing na Moses Farmer. Kila sanduku la mtaani lilikuwa na namba, na kengele iligonga namba hiyo, kwa hiyo mwenye zamu alijua aelekee wapi kabla hajasikia sauti ya mtu. Angalia ukutani hapo: matundu ya skrubu, ubao wenye rangi tofauti kidogo, nyaya kuukuu zilizokatwa.

Mnara

Mnara hudanganya watu. Wengi hudhani wote ni wa kuangalizia moto. Minara ya lindo ilikuwepo kweli. Ule wa chuma cha kusubu uliopo Marcus Garvey Park, Harlem, wa mwaka 1857, bado umesimama na kengele yake. Lakini huo uko peke yake kilimani, haumo ndani ya kituo.

Mnara uliounganishwa na kituo, mwembamba, wenye madirisha machache au usio nayo kabisa, na juu kabisa una vibao vya kupitisha hewa, kwa kawaida ni wa kukaushia mipira ya maji. Mpira wa pamba ukikunjwa ukiwa umelowa unaoza. Kipande kimoja kilikuwa na futi 50, kwa hiyo ama ujenge mnara wa kutosha kukining'iniza kizima, ama ukikunje katikati juu ya kapi na kuridhika na nusu ya urefu. Pima kwa macho kutoka sakafu hadi vibao vya hewa utajua mji ule ulichagua lipi. Ndani yake tafuta mwanga kutoka juu, kulabu, na sakafu yenye tundu la maji. Mipira ya leo ya nyuzi za viwandani haihitaji kuning'inizwa hivyo, na minara mingi imegeuzwa ya mazoezi au ya kubebea antena.

Maliza kwa makaratasi

Usianze na makaratasi, kwa sababu ukishasoma tarehe unaacha kutazama. Andika kwanza dhana zako: mlango ulipanuliwa hapa, vizimba vilikuwa vitatu, sakafu ilibadilishwa. Kisha nenda kathibitishe.

Kwa miji ya Marekani, kimbilio langu ni ramani za bima ya moto za Sanborn, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1867. Zilichorwa ili kampuni za bima zijue jengo gani linaweza kuungua, basi zinaonyesha yaleyale anayoyataka mwashi: waridi ni matofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka nyingi kwenye intaneti bila malipo. Chukua karatasi za miaka tofauti za mtaa uleule uzipange kwa mfuatano. Kijumba cha njano nyuma ya kituo, kinachoonekana kwenye karatasi moja na kutoweka kwenye inayofuata, kinaweza kuwa zizi lililobomolewa. Kwa New York kuna pia taarifa za tume ya kuhifadhi majengo ya kihistoria, iliyoundwa mwaka 1965, ambazo hutaja msanifu na mwaka. Kwa mahali pengine popote, ulizia vibali vya ujenzi kwenye ofisi za mji, na uombe hasa vibali vya mabadiliko. Kibali cha kwanza kitakupa jina la msanifu. Kile cha kupanua mlango ndicho kitakachokupa tarehe ya ule mstari wa chokaa na saruji uliouwekea kidole.